Tupeane uzoefu: mashine ndogo ya kulimia bustani, tangu boksi linafunguliwa

Mkulima wa Tengeru
Habari zenu wadau. Nina kishamba nyuma ya nyumba, hatua 20 kwa 35, napanda mnavu, mchicha na nyanya. Miaka yote tumelima kwa jembe. Mwaka huu nimenunua mashine ya petroli ya hospawa 7, zile zinazokuja kwenye boksi: injini mbali, mikono mbali, visu kwenye mfuko. Tukaifunga wenyewe, mimi na kijana wangu.

Mikono na waya wa klachi havikutusumbua. Shida ilikuwa visu. Kuna seti ya kulia na ya kushoto, na ukitazama harakaharaka vinafanana. Tuliposhusha mashine bustanini ikawa inarukaruka, inakwangua juujuu kama kuku anachakura. Nikajua nimeuziwa kimeo. Jioni akaja jirani yangu, mzee aliyeendesha pawatila, lile trekta la mkono, miaka mingi kwenye mpunga wa Chekereni. Hakugusa injini kabisa. Alichomoa kwanza waya wa plagi, akachuchumaa, akapitisha kidole kwenye kisu: makali yalikuwa yanatazama nyuma. Makali ndiyo yanatakiwa kuingia ardhini kwanza mashine inapokwenda mbele. Tukatoa pini, tukahamisha za kulia kushoto na za kushoto kulia. Kuwasha tena, ikazama yenyewe, udongo mweusi ukaanza kupinduka.

Na ninyi wenye nazo tuambieni yenu, masika hayo yanakuja.

Kijana wa Rau
Mkuu, wewe ulipona. Mimi niliua injini siku ya kwanza. Mashine hizi husafirishwa bila oili ndani. Duka nililonunua hawakusema neno, na mimi kwa furaha niliweka petroli, nikavuta kamba, ikawaka kwa mvuto wa pili. Haikumaliza hata matuta matatu. Ilianza mlio wa chuma kusaga chuma, kisha ikakaza, kamba haivutiki. Fundi alipofungua, pistoni imechubuka na silinda ina michirizi. Nilinunua injini nyingine, na ile hela ilikuwa ya ada ya mdogo wangu. Iliniuma sana.

Kwa hiyo ndugu zangu, oili kwanza. Injini kama hizi hubeba kama lita 0.6. Weka mashine mahali tambarare, na kwa aina nyingi kijiti cha kupimia unakichomeka tu bila kukikaza, ndipo usome. Gia boksi nayo ina oili yake, fungua uangalie. Kama chujio la hewa ni lile lenye kibakuli chini, na lenyewe linataka oili. Na ile ya injini, ukishafanya kazi kama saa 20 za mwanzo, imwage uweke mpya.

Mama Kibosho
Poleni sana wanangu. Mimi naongea na wenye vihamba, yale mashamba ya migomba ya nyumbani. Nilimwita kijana mwenye mashine anilimie katikati ya migomba, nikasifia kazi ilivyokuwa safi. Upepo wa kwanza migomba minne ikalala na mikungu yake. Mizizi ya mgomba iko juu, visu vilikuwa vimeikata yote. Sasa mashine naipeleka kwenye kipande cha mboga tu, migombani natumia jembe, tena taratibu.

Mdau Ngaramtoni
Okoteni mawe kwanza. Nimeshapindisha visu viwili.

Dada wa Kisongo
Kwetu udongo ni mzito. Ukilima siku ya pili baada ya mvua unapata mabonge, yakikauka hayapasuki hata kwa nyundo. Nachukua udongo kiganjani, naminya, naugusa kwa kidole. Ukisambaratika nawasha, ukibaki donge nasubiri.

Swali kwako kaka wa Tengeru: yangu inanivuta, nakimbia nayo mpaka mabega yanauma. Visu viko sawa.

Mkulima wa Tengeru
Dada, angalia kile chuma cha nyuma kinachochoma ardhini. Kina matundu. Kishushe tundu moja au mawili, kitaishikilia mashine, visu vipate muda wa kuchimba badala ya kutembea. Na kwa udongo wako pita mara mbili, ya kwanza usiikandamize. Yangu iko tundu la tatu.

Dada wa Kisongo
Yangu ilikuwa juu kabisa. Nimeshusha, kesho asubuhi najaribu kwenye kipande cha karoti.