MJADALA: Kiti cha mtoto cha gari kitozwe ushuru kama samani?

Mwanzisha mada

Wadau, tulijadili hili kabla mawaziri wa fedha wa Afrika Mashariki hawajakaa tena kupanga viwango vya ushuru.

Kiti cha mtoto cha gari, kile kinachofungwa kwa mkanda juu ya siti ya nyuma, kikishushwa bandarini kinaingizwa fungu la 9401 la jedwali la ushuru wa forodha, yaani viti, sura moja na makochi na vitanda. Mkanda wa gari una namba yake kwenye sura ya magari, 8708.21, na mfuko wa hewa una 8708.95. Kiti cha mtoto kinafanya kazi ileile, ila kwa mtoto ambaye mkanda wa mtu mzima haumkai: unampita shingoni na tumboni badala ya begani na kwenye nyonga.

Waagizaji wengi wanapigania kihamishiwe 8708. Mimi naona nguvu zinapotea bure. Tarakimu sita za mwanzo za namba hizi hazipangwi Arusha wala Dodoma. Zinatoka Shirika la Forodha Duniani kule Brussels, na maelezo yake ya fungu la 9401 yanavitaja waziwazi viti vya usalama vya watoto vinavyofungwa kwenye siti ya gari kwa mkanda. Ulaya na Marekani navyo viko hukohuko 9401.

Kiwango cha ushuru ndicho kilicho mikononi mwetu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina 0, 10 na 25%, na tangu Julai 2022 ikaongeza 35% kwa bidhaa ambazo samani zimo. Piga hesabu ya kiti kilichofika kwa thamani ya shilingi 200,000. Kikitozwa 35% kinakuwa 270,000, juu yake VAT ya 18%, jumla 318,600. Kikitozwa sifuri, na VAT ikabaki, ni 236,000. Hapo duka halijaweka faida yake.

Uingereza hawakugombana na namba. Wamekiacha 9401, wakashusha VAT yake hadi 5% badala ya 20%. Sisi jedwali letu lina tarakimu nane, na mbili za mwisho ni za Jumuiya yenyewe. Igawanywe 9401.80, yaani kijifungu cha viti vingine ambamo hivi vimo: viti vya usalama vya watoto vipewe mstari wao wa 0%, vingine vibaki vilipo. Mnasemaje?

Mwagizaji, Kariakoo

Mkuu, hayo ya Brussels nayasikia, lakini njoo uone huku. Mzigo wangu ulipita kama spea za gari. Uliofuata, viti vilevile, kiwanda kilekile, nikaambiwa ni samani, nilipe tofauti na faini. Wateja nilishawapa bei. Kiti hiki hakina miguu na hakina kazi nje ya gari. Kwa nini kisiwe spea?

Mwanzisha mada

Pole sana kaka. Ila kuwa na kazi ndani ya gari tu hakutoshi. Hata siti anayokalia dereva, ikiagizwa peke yake, iko 9401.20, haiko 8708. Kanuni ni kwamba kitu kikitajwa kwa umahususi zaidi mahali pengine, kinaenda huko.

Kuyumba kwa ukadiriaji ndiko kunakokuumiza, na kuna njia. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004, kifungu cha 229, inakupa siku 30 kuomba uamuzi upitiwe upya. Bora zaidi, kabla ya kuagiza omba kwa maandishi uamuzi wa awali wa namba, ambatisha picha na maelezo ya kiwandani. Ukiupata, bei unampa mteja ukiwa na uhakika nayo.

Fundi samani, Keko

Mimi sikubali. Hiyo 35% ndiyo inayotupa pumzi sisi wenye karakana. Mkifungua mlango wa 0% ndani ya fungu la viti, watu watapitisha viti vya kila aina kwa jina la watoto. Nani atakagua kontena zima?

Mwanzisha mada

Hoja yako ni nzito, fundi, na ndiyo maana nataka mstari wenye sharti. Kiti halali kina lebo, mara nyingi ya rangi ya chungwa, yenye herufi E ndani ya duara na tarakimu ya nchi iliyokipitisha: E1 Ujerumani, E4 Uholanzi. Lebo hutaja pia kanuni ya Umoja wa Mataifa, ya 44 ya zamani au ya 129 mpya. Sharti liandikwe hivyo: hakina lebo, kinalipa kama samani nyingine. Kochi haliwezi kuwa nayo. Na kwa Keko, sijaona karakana inayotengeneza viti hivi, kwa hiyo 35% juu yake haimlindi fundi yeyote.

Mama wa wawili, Mbezi

Kaka, watoto wengi wa nchi hii wanapanda daladala na bodaboda. Kwa nini serikali iwasamehe kodi wenye magari?

Mwanzisha mada

Dada, hilo limeniumiza kichwa kuliko yote. Kweli, msamaha huu haumgusi mtoto wa daladala, na sitadai unamgusa. Lakini mwenye gari siku hizi si tajiri tu. Kuna mwalimu aliyekopa akanunua gari dogo lililotumika Japani, na kuna dereva teksi. Hao ndio bei inawasukuma kumpakata mtoto mbele, au kununua kiti cha mtumba ambacho hakijulikani kama kilishapata ajali. Shirika la Afya Duniani linasema viti hivi vinaweza kupunguza vifo vya watoto wachanga ndani ya magari kwa 71%. Kodi ya juu inapokaa kwenye kitu cha namna hiyo, mimi siwezi kuitetea.

Mwagizaji, Kariakoo

Sasa hapo tuko pamoja. Lakini wakiuliza kwa sasa inatozwa ngapi hasa, tutajibu nini, wakati kila mzigo una jibu lake?

Mwanzisha mada

Tuanzie hapo. Mwenye TANSAD, yaani hati ya tamko la forodha ya Tanzania, ya viti vya watoto ya baada ya Julai 2022 aiweke hapa, afunike majina na namba ya mlipakodi, aache wazi namba ya HS, yaani hiyo namba ya fungu, na kiwango alichotozwa. Wa Mombasa na Kampala nao walete za kwao. Zikifika za kutosha nitaandika barua kwa Wizara ya Fedha, nyinyi muisome na kuikosoa kabla haijatumwa.