UKOO WA MAPIPA: Mchango wa baiskeli ya Idrisa

Shangazi Mwaju 06:48
Asalaam alaykum ndugu zangu. Leo tusizungushane. Idrisa amepata baiskeli. Mwenye nayo anamaliza chuo mwezi huu, anataka 320,000, na kuna mtu mwingine anaitolea macho. Mwisho wa kutuma ni leo saa kumi jioni, namba yangu ileile ya michango. Nimeanza na 50,000.

Shangazi Mwaju 06:50
Kutoka hapa Mapipa hadi Mlimani haifiki kilomita kumi, lakini mtoto anatoka saa kumi na moja alfajiri kugombea gari, na usiku akirudi hana nguvu hata ya kufungua daftari. Mwaka wa pili huu wa uhandisi si wa kuchezea.

Shangazi Mwaju 07:35
Naona tiki za buluu tu.

Idrisa 07:52
Shikamooni wakubwa zangu. Picha hii hapa.
[Picha]

Mjomba Kassim 07:58
Marahaba. Mbona wameivua nguo? Kerea iko wapi? Madigadi? Stendi? Hata kengele!

Farida 07:59
😂😂😂

Idrisa 08:06
Ndivyo ilivyo mjomba. Ina gia moja na haina frii, kile kinachoacha gurudumu lizunguke pedeli zikiwa zimetulia. Wenyewe wanaiita fiksi. Gurudumu la nyuma likizunguka, pedeli nazo zinazunguka. Hakuna kuacha kukanyaga na kutereza tu. Ukitaka kupunguza mwendo unazuia kwa miguu.

Farida 08:07
Fiksi? Jina lenyewe linajieleza 😂

Mjomba Kassim 08:11
Yaani 320,000 yote hiyo kwa gia moja? Siku hizi hata watoto wana baiskeli za gia kumi na nane.

Idrisa 08:20
Hizo za gia nyingi ndizo zinazonikimbiza mjomba. Kidude cha kubadilishia gia kikigongwa kidogo tu kinapinda, vumbi likiingia inaruka meno, na kila mwezi uko kwa fundi. Hii ni cheni, gia mbele na gia nyuma, basi. Masika ikija naifuta, naipaka oili, naendelea. Ni nyepesi, naweza kuibeba begani kupanda nayo ngazi. Na gia moja si unyonge. Mashindano ya kuzunguka Ufaransa yalianza 1903, na gia za kubadilisha hazikuruhusiwa hadi 1937.

Shangazi Mwaju 08:22
Umesikia shemeji? Mtoto amesoma. Sasa tuma.

Mjomba Kassim 08:24
Kama ni hivyo kwa nini tutoe laki tatu? Chukua ile Phoenix iliyopo stoo kwa bibi. Fundi wangu Gerezani ataichomea frii isizunguke, elfu kumi tu, umepata hiyo hiyo fiksi.

Idrisa 08:33
Hapana mjomba, hiyo ndiyo inayoua. Frii imefungwa kwa nyuzi za kawaida, zile za skrubu. Ukikanyaga mbele inakaza, ukizuia kwa miguu inalegea na kufunguka, na breki imekwenda nayo. Habu yenyewe ya kazi hii, yaani kitovu cha gurudumu, ina nati ya pili ya kubana, na nyuzi zake zinakwenda kinyume. Ukizuia, gia ikitaka kufunguka inaisukuma ile nati nayo inazidi kukaza.

Mjomba Kassim 08:35
Haya mhandisi.

Tunu Morogoro 09:02
Shangazi nimetuma 20,000. Mwezi huu mnisamehe.

Shangazi Mwaju 09:03
Mungu akuzidishie mwanangu. Wenzio wanasoma wananyamaza.

Mwanaidi 09:41
Shikamoo shangazi. Nauliza kwa heshima. Mwaka ule mimi nilipopata chuo Chang'ombe, nani alianzisha mchango? Nilitoka hapa hapa Mapipa, saa kumi na moja hiyo hiyo. Nikaambiwa nipande daladala kama wenzangu.

Shangazi Mwaju 09:44
Marahaba. Mwanaidi, hayo tuliyamaliza kwenye arobaini ya bibi.

Mwanaidi 09:46
Mliyamaliza ninyi. Na cherehani nayo mliimaliza?

Mjomba Kassim 09:47
Haya, cherehani imerudi.

Mwanaidi 09:48
Mjomba, wewe kwa hilo la cherehani ungekaa kimya.

*Mjomba Kassim amefuta ujumbe huu*

Farida 09:50
Nimeuwahi kabla haujafutwa 😂

Idrisa 09:58
Dada Mwanaidi, mimi nilikuwa mdogo lakini nakumbuka ulivyokuwa unatoka giza. Ukisema mchango usimame, usimame. Nitakusanya mwenyewe kidogo kidogo.

Mwanaidi 10:04
Sina ugomvi na wewe mdogo wangu. Na sijasema usimame. Ila nimeikuza picha yako. Sioni breki hata moja. Mbele hakuna, nyuma hakuna. Tangu asubuhi watu wazima humu wanaongelea kerea, hakuna aliyeliona hilo?

Mjomba Kassim 10:06
Breki miguu yake. Akichakaza viatu ataomba mchango wa viatu.

Farida 10:06
Group jipya: Viatu vya Idrisa 👟👟

Tunu Morogoro 10:08
😂😂 namba 42 au 43?

Mwanaidi 10:15
Idrisa nijibu mimi. Foku, ule uma unaoshika gurudumu la mbele, ina tundu la kufungia breki au haina?

Shangazi Mwaju 10:20
Jamani tusipotee. Saa kumi jioni. Mwenye baiskeli amenipigia, nimempa kishika uchumba 100,000 ili asimuuzie yule mwingine.

Mwanaidi 10:21
Shangazi! Kabla hatujajua?

Shangazi Mwaju 10:23
Ningesubiri mjibiwe ninyi ingeuzwa. Humu bila kusukumwa hakuna kinachotembea. Hata bati za kwa bibi nani alizifuatilia?

Idrisa 11:37
Samahani nilikuwa darasani. Dada, uko sahihi, haina breki sasa hivi. Hizi asili yake ni uwanja wa mashindano, kule wote wanazunguka upande mmoja na breki haziruhusiwi. Barabarani ni mambo mengine. Uingereza sheria inataka baiskeli iwe na njia mbili za kusimama. Gia hii ya kufunga inahesabiwa kama breki ya nyuma, ya mbele lazima iwepo. Mimi mwenyewe bila ya mbele siitaki. Ukifunga breki uzito mwingi unakimbilia mbele, gurudumu la nyuma linabaki jepesi na kuburuta tu. Tundu sijaliangalia. Foku nyingine za uwanjani hazitobolewi kabisa.

Mjomba Kassim 11:45
Sasa na mimi niseme la maana. Ile gia yake ya mbele ina meno mangapi?

Idrisa 11:49
46 mbele, 16 nyuma. Mzunguko mmoja wa pedeli unakwenda kama mita sita.

Mjomba Kassim 11:53
Ngumu hiyo kwa kile kilima cha kuingilia chuo, na jua la saa saba. Na kushuka je? Miguu si itakimbia yenyewe?

Idrisa 11:58
Itakimbia. Ukifika kilomita 40 kwa saa ni kama mizunguko 110 kwa dakika, na huwezi kuisimamisha miguu ukapumzika. Kwa kile kilima nataka kuweka meno 18 nyuma, iwe laini kupanda. Kushuka nitashikilia breki ya mbele tangu juu, nisisubiri ishike kasi. Napenda inavyoendeshwa mjomba. Rafiki yangu aliniazima pale uwanjani. Unaijua kasi yako kwa miguu, na hata kona unaipangia mapema kwa sababu pedeli hazisimami.

Mama Idrisa 12:20
Wifi mimi nimetuma 40,000. Lakini moyo wangu hautulii na hiyo Barabara ya Morogoro.

Idrisa 12:24
Mama nitapita njia ya baiskeli pembeni ya mwendokasi hadi Ubungo, kisha Sam Nujoma. Hapo Morogoro kwenye magari siingii.

Mama Idrisa 12:26
Hiyo njia ya baiskeli si ndiyo wanayopita bodaboda na wauza machungwa?

Mjomba Kassim 12:27
Dada, vijana wangu nitawaambia wampishe.

Baba Mkubwa Hamisi 13:42
Waalaykum salaam. Nimeswali, nikasoma yote tangu asubuhi. Mimi nimeleta mihogo Kariakoo kutoka Kisarawe kwa Phoenix, mzigo nyuma, mteremko wa Pugu, breki zile za vyuma ambazo mvua ikinyesha hazishiki. Baiskeli imenilisha na imewalisha baadhi yenu. Siikatai.

Lakini mimi ndiye niliyembeba Sele kutoka Manzese hadi Muhimbili. Baiskeli ya Sele haikuwa na breki ya mbele.

Isiyo na breki ya mbele haivuki kizingiti cha nyumba ya mama yetu. Ikiwekwa, nina 100,000. Na Idrisa aanze na frii, mpaka nimwone kwa macho yangu akisimama pale ninapomwambia asimame.

Mwanaidi, la kwako nimelisikia. Utakuja kwangu Ijumaa.

Shangazi Mwaju 14:05
Tumekusikia kaka.

Idrisa 14:06
Sawa Baba Mkubwa. Shikamoo. Nitafanya hivyo.

Mama Idrisa 14:06
Ahsante shemeji. Mungu amrehemu Sele.

Tunu Morogoro 14:09
Amin.

Mjomba Kassim 14:31
Amin. Ahadi yangu 30,000. Na breki naitafuta mwenyewe Kariakoo, imara, si za kubandika.

Mwanaidi 14:50
Ijumaa nitakuja baba.

Shangazi Mwaju 15:10
MICHANGO MPAKA SASA
Mwaju 50,000 ✅
Tunu 20,000 ✅
Mama Idrisa 40,000 ✅
Kassim 30,000 (ahadi)
Kaka Hamisi 100,000 (breki kwanza)
Farida ……
Juma ……
Wengine mnajijua.

Farida 15:12
Shangazi mimi 15,000, nikitoka kazini.

Idrisa 15:48
Nipo kwa mwenye baiskeli. Foku ina tundu, nimepitisha kidole. Breki itafungwa. Ila kuna jambo. Kuna habu zenye pande mbili, huku gia ya kufunga, huku frii, unageuza gurudumu tu. Hii ina upande mmoja. Haikutengenezewa frii.
[Picha]

Mwanaidi 15:50
Sasa neno la baba litatimizwaje?

Idrisa 15:53
Labda kutafuta gurudumu jingine la nyuma. La kawaida la gia moja linaweza kuingia, ila lazima nipime upana wa fremu kwanza, na cheni ya hii ni pana.

Shangazi Mwaju 15:55
Saa kumi hiyo. Mwenye mali anasemaje?

Idrisa 15:57
Anasema kishika uchumba atakishika mpaka Jumamosi. Mnunuzi mwingine hajaja.

Mjomba Kassim 15:58
Kumbe hata huyo mwingine hayupo?

Shangazi Mwaju 15:59
Yupo. Jumamosi basi. Kassim na Idrisa kesho saa nne Kariakoo, mtafute gurudumu na breki. Kaka Hamisi, gurudumu la frii likipatikana itakuwa imetosha?

Shangazi Mwaju 17:26
Kaka?

Mama Idrisa 18:40
Kesho saa nne Idrisa ana mtihani wa majaribio.

Mjomba Kassim 18:52
Nami nina gari la mchanga asubuhi. Mchana labda.

Juma Tandika 21:17
Salaam. Ndiyo natoka kazini. Mchango wa nini jamani?

Shangazi Mwaju 21:18
Panda juu usome Juma. Farida, 15,000 yako haijafika.