Kura yangu ina nguvu gani kama mtaro tu wa nyuma ya nyumba umenishinda?

Binti_Ngamiani:

Habari zenu wadau. Kuna jambo linanikereketa moyoni tangu masika, naomba mnisaidie kulifikiri maana nyumbani nikilianza naambiwa wewe mwanamke siasa za nini, kaanga samaki.

Mi nipo hapa Tanga mjini, Ngamiani, barabara sitaitaja. Jioni nauza mihogo na samaki wa kukaanga. Tangu 2010 sijakosa kupiga kura hata mara moja, iwe ya rais, mbunge, diwani, mpaka ya mwenyekiti wa mtaa. Naamka alfajiri, mtoto namwacha kwa jirani, napanga foleni mpaka jua linatoka, nachovya kidole narudi. Na siku ile kweli unajisikia mtu. Kabla ya hapo mgombea alikuja mpaka barazani kwangu, akala samaki, akaniita mama na mimi mdogo kwake kabisa.

Sasa nyuma ya nyumba zetu kuna mtaro umeziba siku nyingi, umejaa mchanga na takataka, upande mmoja ukuta umeanguka. Masika iliyopita tumeamka saa tisa usiku sufuria zinaelea, gunia la mkaa limelowa lote, unga wa biashara umekuwa uji chini, bibi wa chumba cha pili tumembeba mgongoni. Tukaenda kwa mwenyekiti, na sina ugomvi naye ni mtu mzuri, akasema mimi sina fungu, fungu liko halmashauri, nendeni kwa mtendaji. Mtendaji akasema kaandika barua. Diwani akasema bajeti imeshapita subirini mwaka mwingine. Mbunge simu haipokelewi. Na hawa wote ukimtoa mtendaji niliwachagua mimi kwa mkono wangu huu!

Alafu juzi mwanangu yuko sekondari anasoma uraia kwa sauti, Katiba ya 1977 ibara ya 8, kwamba wananchi ndio msingi wa mamlaka yote na serikali inapata mamlaka yake kutoka kwa wananchi. Nikamwambia hebu rudia. Akarudia. Nikakaa kimya maana nilitaka kulia.

Naomba kuuliza kwa moyo safi kabisa, hii demokrasia inampa mtu kama mimi nguvu kweli, au nguvu yangu inaisha pale wino unapokauka kidoleni?

Mstaafu_Chumbageni:

Binti yangu, pole sana kwa mafuriko. Nimefanya kazi serikali za mitaa miaka mingi ngoja nikueleze ninavyojua.

Kwanza ujue hizi serikali za mitaa zilishawahi kufutwa kabisa mwaka 1972, ndio ile iliitwa madaraka mikoani lakini madaraka yenyewe walipewa maofisa sio watu. Miji ikaharibika, mitaro, vyoo, zahanati, mpaka za mijini zikarudishwa 1978, kisha sheria za 1982 zikazisimamisha zote upya. Ibara ya 146 ya Katiba inasema wazi lengo lake ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Kwa hiyo mwanao hajasoma uongo. Tatizo ni kwamba mwenyekiti uliyemchagua hana mfuko, na mtendaji mwenye kalamu kaajiriwa na halmashauri, wewe hukumchagua.

Na mimi nina langu la kukiri. 1991 Tume ya Jaji Nyalali ilipozunguka kuuliza watu wanataka chama kimoja au vyama vingi, karibu asilimia 80 tulisema chama kimoja kinatosha. Mimi nilikuwemo. Tume ikashauri vyama vingi hivyo hivyo, sheria ikaja 1992. Nimelifikiria sana jambo hilo, kwamba wengi tulishindwa na ikawa heri kwetu, maana wale wachache nao walikuwa na haki ya kuwa na pa kusemea.

Sasa nikuulize kitu kimoja. Kelele za mtaro mnapiga lini? Masika, maji yakishaingia ndani. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1 lakini mipango inakusanywa miezi mingi nyuma, mtaa unapeleka kata, kata inapeleka halmashauri, mpaka masika inafika karatasi zimeshafungwa. Diwani hakukudanganya, ila hakukwambia urudi lini. Mtaro usemwe wakati wa vuli, kwenye mkutano wa mtaa, na uandikwe kwenye muhtasari. Lisiloandikwa kwenye muhtasari kata haiwezi kulipokea, hata mkilia vipi.

Kaka_Mabawa:

Mzee shikamoo, nakuheshimu ila naona tunamrudishia dada mzigo wake. Kwamba angejua kalenda angepata mtaro? Mtu anakaanga samaki mpaka saa nne usiku, ratiba ya bajeti ataijulia wapi kama hakuna anayeibandika hata ukutani!

Mi nasema tatizo liko juu zaidi. Angalia hili, mbunge akifukuzwa uanachama na chama chake anapoteza ubunge, ibara ya 71. Mimi niliyempigia kura siwezi kumtoa mpaka miaka mitano iishe. Sasa hapo bosi wake nani, mimi au chama? Na ukitaka kugombea lazima upitie chama, marehemu Mchungaji Mtikila alipigania mgombea binafsi mpaka akashinda Mahakama ya Afrika pale Arusha 2013, kashinda na katiba yetu imebaki vile vile. Matokeo ya urais ibara ya 41 inasema yakishatangazwa mahakama haina la kuhoji, wakati Kenya 2017 mahakama ilifuta uchaguzi wa rais na Malawi 2020 ikafuta ukarudiwa, na aliyekuwa madarakani akashindwa. Kwahiyo inawezekana kumbe, Afrika hii hii.

Wala sisemi wenzetu wa nje ni malaika, Marekani 2016 Clinton alipata kura karibu milioni 3 zaidi ya Trump na Trump ndo akawa rais. Lakini Uswisi sheria ikishapita bungeni wakikusanya saini elfu 50 ndani ya siku 100 inarudi kwa wananchi wapige kura. Hiyo ndo nguvu ya katikati ya uchaguzi na uchaguzi. Sisi katikati hapo tuna nini?

Mama_wa_Pwani:

Kaka tuna kitu, kidogo, ila tunacho, mi nimekiona kwa macho yangu.

Niko kijijini, wilaya ya Mkinga. Miaka michache nyuma alikuja mtu anataka ardhi ya kule ufukweni tunapoanikia dagaa na mwani. Halmashauri ya kijiji walishakaa naye, soda zimeshanywewa, mambo yamekwisha. Lakini Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inasema halmashauri ya kijiji haigawi ardhi mpaka mkutano mkuu wa kijiji uidhinishe, na mkutano mkuu ndo sisi wote tulofika miaka 18. Tukaitwa chini ya mwembe pale shuleni. Wakaanza kusoma haraka haraka mkataba, basi akasimama bibi mmoja fimbo mkononi, hajui kusoma, akasema mwanangu weka karatasi chini kwanza, nichoree hapa mchangani mpaka unaanzia wapi unaishia wapi. Mwenyekiti akachora. Bibi akasema sasa chora njia yangu ya kwendea baharini. Hakuna aliyeweza kuichora, haikuwemo! Mkutano mzima ukaguna. Tukanyoosha mikono, waliokataa walikuwa wengi mno, yule mtu akaondoka jioni ile ile.

Nilivyorudi nyumbani nilijisikia kuliko siku yoyote ya wino.

Ila na mimi sitaki kumdanganya dada. Serikali ikitaka kuihamisha ardhi ya kijiji itoke mikononi mwa kijiji, chini ya hekta 250 mkutano mkuu ndo unakubali au unakataa, ikizidi hapo uamuzi ni wa waziri, sisi maoni yetu yanasikilizwa tu. Yaani shamba dogo nalilinda mimi, likiwa kubwa linaamuliwa mbali na mimi. Hapo Kaka_Mabawa uko sahihi na inaniuma.

Kaka_Mabawa:

Mama umenigusa na huyo bibi. Hiyo ya hekta 250 sikuijua kabisa.

Binti_Ngamiani:

Nawashukuru wote kwa kweli, nimesoma mara mbili mbili.

Leo asubuhi kabla ya kwenda kuchukua samaki nimepita ofisi ya mtaa, nimeomba nioneshwe kitabu cha mihtasari. Mtendaji kaniangalia, kanitolea. Nimekaa kwenye benchi nimepekua ukurasa kwa ukurasa, miaka minne ya mikutano. Kuna taa za barabarani, kuna ulinzi shirikishi, kuna mchango wa madawati, kuna ugomvi wa dampo. Mtaro wetu haumo hata mstari mmoja. Hata ile barua sikuoneshwa. Mikutano mingine waliosaini watu kumi na tatu, kumi na tano, mtaa mzima huu! Na mimi jina langu sijaliona hata mahali pamoja, maana mikutano inafanyika jioni saa kumi, muda ambao mafuta yangu yako jikoni.

Nimeshaongea na wanawake wa nyumba zetu, ishirini na mbili wamekubali kuja mkutano wa vuli, na tunaomba usogezwe uwe asubuhi ya Jumapili. Mzee wangu, je mtendaji akikataa kuandika hoja yetu tufanyeje?

Mstaafu_Chumbageni:

Andikeni barua nakala mbili, wote mtie saini, ambaye hajui aweke dole gumba. Muipeleke wenyewe masijala ya halmashauri, pale wanapopokea barua, msimpe mtu awapelekee. Nakala yenu wagonge muhuri wa kupokelewa na tarehe, alafu hiyo iwekeni kwenye mfuko wa nailoni juu kabisa ya kabati, maji yasiifikie.