Mrejesho: Cheti cha muuguzi wa usingizi Marekani

Wakuu, niliuliza muuguzi wa ICU (wodi ya wagonjwa mahututi) anahitaji nini ili apate cheti cha CRNA, yaani muuguzi wa usingizi, Marekani. Nimelinganisha majibu yenu na kanuni, mambo yamekaa hivi.

Uwe na leseni ya uuguzi isiyo na zuio na angalau mwaka mmoja wa kuhudumia wagonjwa mahututi kwa ajira ya muda wote, kisha usome programu yenye ithibati ya COA, baraza linalokagua programu za uuguzi wa usingizi. Tangu 2022 wanaoanza wote wanaingia ngazi ya shahada ya udaktari wa taaluma (si udaktari wa tiba). Uzamili haupokelewi tena.

Panapokwamisha ni daftari la kesi, yaani kumbukumbu ya wagonjwa uliowapa usingizi ukiwa masomoni. Kima cha chini ni kesi 600 na saa 2,000 za kliniki, ila jumla hiyo haikuokoi, maana kila aina ya kesi ina idadi yake: watoto wa chini ya miaka 2, kwa mfano, ni kesi 10. Unaweza kufikisha 700 na bado huruhusiwi kumaliza. Kesi uliyosimama ukitazama tu haihesabiwi. Watoto wadogo hawapatikani kila zamu, kwa hiyo omba mapema kupangiwa mafunzo kwenye kitengo cha watoto.

Mtihani wa NBCRNA, bodi inayotoa cheti hicho, ni wa kompyuta, maswali 100 hadi 170, saa 3. Ugumu hufuata majibu yako na huruhusiwi kurudi nyuma kusahihisha. Maswali 30 ni ya majaribio, hayana alama, na huwezi kuyatambua. Kompyuta ikikata kwenye la 100, usianze kulia. Wanaofaulu vizuri nao hukatiwa hapo.

Halafu cheti si leseni. Leseni ya kutoa usingizi huombwa kwenye jimbo, na bila hiyo humgusi mgonjwa.