Safari ya kwanza nje ya nchi: siku kumi katika vijiji vya milimani Ulaya

Mkazi wa Tabata

Habari zenu ndugu. Mimi na mke wangu tumeweka akiba kwa miaka minne, na mwakani tunakusudia kutoka nje ya nchi kwa mara ya kwanza. Majiji makubwa hatuyahitaji, kwa kuwa foleni na makelele tunayo ya kutosha hapa Dar es Salaam. Tunatamani miji midogo, milima, maziwa na njia za kutembea kwa miguu, kwani hayo ndiyo tuliyoyapenda tulipokwenda Lushoto kwa fungate. Nimepanga siku kumi mwishoni mwa Aprili: tatu Uswisi, tatu Hallstatt nchini Austria, na nne kaskazini mwa Italia. Je, mpango huu unatekelezeka, na viza tuiombe katika ubalozi wa nchi gani?

Msafiri wa Upanga

Hongereni sana. Nilifanya safari ya namna hiyo na mume wangu, na naomba nikushauri bila kuficha: chagueni bonde moja mkae humo. Kila mnapohama, nusu ya siku inakwenda kwenye kufungasha, kusafiri na kusubiri chumba, ambacho mara nyingi hufunguliwa alasiri, kwa hiyo siku zenu kumi zitabaki sita au saba. Hallstatt ni pazuri kweli, lakini ni kijiji cha watu wachache mno kinachofurika wageni wa kutwa, na utulivu wake unaonekana alfajiri na jioni tu.

Sisi tulikaa Lauterbrunnen, Uswisi, mwendo wa takriban dakika ishirini kwa treni kutoka Interlaken. Bonde limebanwa na kuta za mawe pande zote mbili, na maporomoko ya maji ya Staubbach yanaanguka kutoka urefu wa karibu mita 300, nyuma ya nyumba za kijiji. Kutoka mbali huonekana kama kitambaa cheupe, lakini ukisogea unakuta upepo umeyatawanya yakawa manyunyu, na uso unalowa kabla hujayafikia. Juu ya bonde kuna Wengen na Mürren, vijiji visivyoruhusu magari ya kawaida, vinavyofikika kwa treni au gari la kamba, lile linaloning'inia kwenye waya. Asubuhi moja tulitembea kutoka Mürren kushuka Gimmelwald, tukasikia kengele za ng'ombe njia nzima, na kando ya nyumba moja tukakuta kabati lenye jibini na kisanduku cha pesa, bila muuzaji. Mume wangu alisimama pale muda mrefu akihesabu sarafu zitimie sawasawa.

Aprili usiende. Njia za juu bado zina theluji, na magari mengi ya kamba husimamishwa kwa matengenezo kati ya msimu wa theluji na wa kiangazi. Mwishoni mwa Juni hadi Septemba ndio wakati wa kutembea. Gharama ni kubwa, sitakudanganya, lakini tulinunua kadi ya nusu nauli, tukapika wenyewe, na maji tulijaza chupa bombani. Mnunue chakula Jumamosi, kwa sababu Jumapili maduka mengi ya vijijini hufungwa.

Mama wa Kinyerezi

Naongeza kuhusu viza, kwa sababu hapo ndipo nilipoumia. Nchi zote tatu ulizotaja zimo katika eneo la Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza ya pamoja, na viza moja inazitosha. Maombi hupelekwa kwa nchi mtakayokaa siku nyingi zaidi. Kwa mpango wako wa sasa ni Italia, na mkifuata ushauri wa dada hapo juu ni Uswisi. Ada ya mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024. Unaruhusiwa kuomba kuanzia miezi sita kabla ya safari, na si chini ya siku 15. Bima ya safari iwe na kinga ya angalau yuro 30,000, na pasipoti iendelee kuwa hai miezi mitatu baada ya siku ya kuondoka huko.

Kosa langu lilikuwa kulipia tiketi isiyorudishiwa fedha kabla ya viza kutoka. Uamuzi kwa kawaida hutolewa ndani ya siku 15, lakini unaweza kufika siku 45, na mimi niliipata siku mbili baada ya ndege kuondoka. Shikilieni nafasi tu kwanza, na chumba kiwe cha kughairi bila malipo. Barua ya mwajiri na taarifa ya benki zilingane na kipato chenu. Fedha nyingi zilizoingia ghafla wiki moja kabla ya maombi huzua maswali.

Mkazi wa Tabata

Dada na mama, nawashukuru kwa dhati. Usiku huu tumekaa na mke wangu tukafuta Austria na Italia. Tunalenga wiki ya kwanza ya Septemba, usiku nane Lauterbrunnen na mmoja Zürich karibu na uwanja wa ndege, na maombi tutapeleka mwezi Mei. Dada wa Upanga, je, kushuka kutoka Mürren hadi Gimmelwald kunahitaji viatu vya mlimani? Mke wangu ana goti linalomsumbua kwenye mteremko.

Msafiri wa Upanga

Raba zenye soli imara zinatosha, kwani sehemu kubwa ni barabara ya lami, ila mteremko wake ni mkali. Goti likikataa, gari la kamba linashuka kutoka Mürren hadi Gimmelwald kwa dakika chache, nanyi mtembee pale kijijini.