Nimeandika barua ya kuacha kazi, siku ya tisa nikalazwa. Wana haki ya kunikata mshahara?

Mgeni_wa_Buguruni: Wadau habari za jioni. Niko kampuni binafsi, mwaka wa nne huu, mshahara wa mwezi. Tarehe mosi nilitoa notisi ya siku 28. Siku ya tisa homa ikanilaza kweli kweli, wodini siku nne, nikatoka na ED (karatasi ya daktari ya kupumzika kazi) ya siku kumi. Nimerudi jana, HR anasema siku hizo 14 hazihesabiki: ama nizifidie mwezi ujao, ama zinakatwa kwenye mshahara wa mwisho. Kazi mpya naanza tarehe mosi. Nimepewa karatasi ya kukubali makato, niisaini kabla ya Ijumaa. Nisaini?

Kisu_Butu: Bongo bwana. Mtu hajaugua miaka mitatu, anaandika barua tu, homa hiyo. Halafu hizo ED tunazijua. Tabibu wa dispensari ukimpa buku tano anakuandikia hata mimba.

Fundi_Cherehani: Mgeni, usisaini kitu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 32: siku 126 za ugonjwa ndani ya mzunguko wa miezi 36, 63 za kwanza mshahara kamili, 63 za pili nusu. Hakuna palipoandikwa "isipokuwa aliyeaga". Mpaka siku ya mwisho wewe ni mfanyakazi wao. Wanachokitegemea ni 41(6), kinachoruhusu kumkata aliyekataa kufanya kazi wakati wa notisi. Aliyekataa! Mtu mwenye dripu mkononi kakataa nini?

Tabibu_wa_Kata: @Kisu_Butu nimesoma miaka mitatu, nimesajiliwa, na nina miaka 11 nahudumia watu 60 kwa siku peke yangu, na umeme wa kubahatisha. Hiyo buku tano ulimpa nani? Mtaje.

Kisu_Butu: Kumbe nimetonesha kidonda. Kwanza nyie sio madaktari, acheni kuitikia mkiitwa "dokta".

Tabibu_wa_Kata: Mama yako siku ya kujifungua aliita nani, profesa?

Bosi_Mdogo: Tuache wazazi. Fundi, umesoma nusu ukurasa. Kifungu hicho hicho cha 41 kinasema notisi isitolewe mtu akiwa likizo, na isiende sambamba na likizo. Likizo ya ugonjwa ni likizo. Kwa hiyo siku 14 alipwe, sawa, lakini saa ya notisi ilisimama. Zinabaki siku zake za kukabidhi ofisi. Nina vijana 12 dukani; mmoja aliaga, akaumwa wiki tatu, funguo za stoo na daftari la madeni vikabaki kwake. Wateja walinicheka. Na mimi sina haki?

Kisu_Butu: Bosi umenena. Lakini turudi kwenye taifodi. Kila Mtanzania akipimwa Widal ana taifodi. Hata huyu mbuzi wa jirani.

Tabibu_wa_Kata: Mgeni kasema homa. Taifodi umeileta wewe. Ila hapo angalau umesema la maana: Widal inaangalia kingamwili, na mtu aliyewahi kuugua zamani anaweza kuonekana anaumwa leo. Kuotesha damu ndiyo kipimo. Nipe maabara ya kuotesha uone kama nitaandika "taifodi ++".

Binti_Ukonga: Mimi nilipewa dawa za taifodi mara tano mwaka mmoja. Kumbe vidonda vya tumbo. Nani atanirudishia hela yangu?

Wa_Likoni: Salaam kutoka Mombasa. Nyinyi mwalalamika na siku 126? Huku sheria yetu ya 2007 yatupa siku saba za mshahara kamili na saba za nusu kwa mwaka, tena baada ya kufanya kazi miezi miwili. Mgeni angekuwa huku, zile 14 zingekuwa zimemaliza kila kitu.

Kisu_Butu: Ndiyo maana mnafanya kazi.

Wa_Likoni: Na ndiyo maana mwaumwa.

Mjomba_Hamisi: Vijana mnahangaika. Si kuna ile sheria ya masaa 24? Unaandika barua leo, kesho hurudi.

Fundi_Cherehani: Mjomba, shikamoo. Hiyo ya masaa 24 watu wanaifanya kwa kumlipa mwajiri mshahara wa mwezi badala ya notisi. Bila hela ni utoro tu. @Bosi_Mdogo, kile kipengele kiliwekwa mfanyakazi asiachishwe kazi akiwa kitandani, sio kumfunga anayeondoka.

Bosi_Mdogo: Hayo maneno yako wapi kwenye sheria? Nionyeshe.

Tabibu_wa_Kata: Na mtu asisahau kifungu cha 32: mwajiri anaweza kukataa kulipa kama huna cheti, lakini hakatai kukipokea cheti bila sababu ya msingi. "Tabibu wa dispensari" sio sababu ya msingi, Kisu.

Kisu_Butu: Inategemea amelipwa shilingi ngapi.

Binti_Ukonga: Jamani Ijumaa ni kesho kutwa, mwenzenu anasubiri.

Fundi_Cherehani: Mgeni, sheria hairuhusu kukata mshahara kiholela. Ukisaini hiyo karatasi ndiyo unawapa ruhusa wanayoitafuta. Waandikie kwamba uliugua, ED waliipokea, na upo tayari kukabidhi ofisi siku zilizobaki. Dai cheti chako cha utumishi. Wakikata, nenda CMA, ile tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, madai kama haya yana siku 60, usilale.

Bosi_Mdogo: Na wao wakienda na hoja yangu huko CMA?

Mgeni_wa_Buguruni: Asanteni. Sitasaini, nitaandika barua. Ila sijaelewa dispensari imetoka wapi. Mimi nililazwa hospitali ya rufaa ya mkoa, ED kaniandikia daktari bingwa. Ilikuwa dengue.

Kisu_Butu: Ungesema mapema.

Tabibu_wa_Kata: Nasubiri kuombwa radhi.

Kisu_Butu: Kwa lipi? Kaandikiwa na daktari, si umeona?