Je, ni busara kuuza shamba la familia ili nikasome Ujerumani?

Kijana wa Uyole:

Wakubwa zangu shikamooni, na wenzangu nawasalimu. Nina shahada ya kwanza ya kilimo na ninafanya kazi na wakulima wa viazi mviringo hapa Uyole na vijiji vya jirani. Nimepata barua ya udahili wa shahada ya uzamili ya miaka miwili katika chuo kikuu cha umma nchini Ujerumani, na masomo yanaanza Oktoba. Ada ya masomo haitozwi, ila kuna mchango wa muhula. Kilichonikwamisha ni sharti la viza la kuonyesha kwamba ninazo euro 11,904 za kujikimu kwa mwaka wa kwanza, ambazo kwa fedha zetu ni zaidi ya shilingi milioni 30.

Baba, ambaye tangu barua ifike amekuwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona kwake kwa muda mrefu, amesema yuko tayari kuuza shamba letu la parachichi lililoko Rungwe. Wadogo zangu wawili bado wanasoma sekondari, na mahitaji yao yanatoka katika shamba hilohilo. Wakala mmoja wa hapa mjini Mbeya naye ananiambia kwamba nikimlipa ujira wake atanifungulia akaunti ya kuwekea fedha hizo, viza itatoka bila shaka, na nikishafika nitafanya kazi na kurudisha fedha yote ndani ya mwaka mmoja. Naomba waliopitia njia hii waniambie kama hesabu hiyo inawezekana.

Mkazi wa Kihesa:

Hongera sana ndugu yangu, maana udahili huo umeupata kwa jasho lako. Mimi ni wa Iringa na shahada yangu ya uzamili niliisomea Ujerumani, kwa hiyo naomba tuipitie hesabu hiyo polepole.

Hizo euro 11,904 hazilipwi chuoni wala ubalozini. Ni fedha yako mwenyewe, unayoiweka katika akaunti maalumu ambayo Wajerumani huiita Sperrkonto, nayo hukutolea euro 992 kila mwezi baada ya kufika. Humo ndimo itakamotoka kodi ya chumba, chakula, mchango wa muhula na bima ya afya, ambayo ni ya lazima na kwa mwanafunzi huzidi euro 120 kwa mwezi. Kwa maneno mengine, fedha ya shamba italiwa yote, na italiwa kwa matumizi halali kabisa, kabla mwaka wa kwanza haujaisha.

Jambo ambalo mawakala hawalisemi ni mwaka wa pili. Kibali cha ukaazi kinapokaribia kwisha, ofisi ya wageni ya mji unaoishi itakutaka uonyeshe tena kwamba unao uwezo wa kujikimu. Shamba litakuwa limekwisha kuuzwa, na hakuna la pili.

Kuhusu kazi, tangu Machi 2024 sheria inamruhusu mwanafunzi wa kutoka nje ya Umoja wa Ulaya kufanya kazi siku nzima 140 au nusu siku 280 kwa mwaka. Hiyo ni nafasi nzuri, na wengi wetu tulijikimu kwayo. Hata hivyo, katika miji midogo asiyejua Kijerumani huchelewa kupata kazi, na muhula wa kwanza una masomo mengi kuliko unavyodhani ukiwa huku. Anayejituma anaweza kuchangia sehemu kubwa ya gharama zake za mwaka wa pili. Lakini kujilisha, kusoma, na wakati huohuo kurudisha milioni 30 nyumbani ndani ya mwaka mmoja, sijamwona aliyeweza.

Huyo wakala usimlipe chochote. Akaunti hiyo huifungua mwanafunzi mwenyewe kwa jina lake kupitia intaneti, na uamuzi wa viza ni wa mamlaka za Ujerumani, ambapo maombi hupelekwa ubalozini Dar es Salaam. Mtu anayeahidi viza anauza kitu ambacho hanacho.

Kwa wengine wanaosoma hapa, niongeze kwamba si kila chuo cha umma hakitozi ada. Jimbo la Baden-Württemberg, kilipo Chuo Kikuu cha Hohenheim ambacho watu wa kilimo hukipenda, limekuwa likiwatoza wanafunzi wa nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula tangu mwaka 2017.

Mzazi, Njombe:

Marahaba mwanangu. Mimi ni mkulima wa parachichi pia, na nina watoto waliosoma. Baba yako anatoa kilicho kikubwa kuliko vyote alivyo navyo, na heshima hiyo usiichukulie kwa wepesi. Lakini shamba la miti inayozaa ni mapato ya kila msimu, na wadogo zako wana haki ndani yake sawa na wewe. Ukikataa peke yako, anaweza kuona kwamba umeogopa au umedharau sadaka yake. Nenda Rungwe na baba yako mdogo, au mzee mwingine anayemsikiliza, mkae naye, umweleze hesabu ya mwaka wa pili kama ilivyoandikwa hapo juu. Mzazi mwenye shamba anaelewa hesabu ya misimu miwili.

Dada wa Ghent:

Kaka, naona wote wanazungumzia fedha ya mfukoni ilhali wewe una sifa ambazo wafadhili wanazitafuta. DAAD, shirika la Ujerumani la kubadilishana wanafunzi, lina mpango uitwao EPOS kwa ajili ya wataalamu kutoka nchi zinazoendelea. Kwa kawaida wanataka uzoefu wa kazi usiopungua miaka miwili, na shahada ya kwanza uliyoipata ndani ya miaka sita iliyopita. Miongoni mwa kozi zilizokuwamo kwa muda mrefu ni ile ya Chuo Kikuu cha Bonn ya kilimo na rasilimali za nchi za tropiki. Vilevile kuna Erasmus Mundus, ufadhili wa Umoja wa Ulaya kwa shahada za uzamili, inayolipa euro 1,400 kwa mwezi pamoja na kufuta ada, na maombi yake mengi hufanyika kati ya Oktoba na Januari. Kwa huku Ubelgiji, VLIR-UOS, shirika la ushirikiano la vyuo vikuu vya Flanders (upande wa nchi unaozungumza Kiholanzi), hufadhili Watanzania katika vyuo hivyo.

Katika barua ya maombi usiandike kwamba unapenda kilimo tangu utotoni. Eleza magonjwa ya viazi kama bakajani chelewa na mnyauko yanavyowamaliza wakulima wako, mbegu safi zinavyokosekana, na unachotaka kujifunza ili ukifanye ukirudi. Andika mambo ambayo mtu asiyewahi kukanyaga shamba la viazi la Uyole asingeweza kuyaandika.

Kijana wa Uyole:

Nawashukuru mno. Baba nitakwenda kumwona pamoja na baba mdogo, na wakala nimekwisha kumwambia kwamba sitaendelea naye. Uzoefu wangu wa kazi umekwisha kupita miaka miwili. Je, nikisubiri ufadhili, barua hii ya udahili niliyo nayo inapotea?

Mkazi wa Kihesa:

Kwa kawaida barua hutaja muhula mmoja tu, kwa hiyo waandikie chuo mapema uwaulize kama wanaweza kukuhifadhia nafasi. Wakikataa, utaomba upya kwa nyaraka zilezile. Kama chuo kinapokea maombi kupitia uni-assist, huduma inayokagua maombi ya wanafunzi wa kigeni kwa niaba ya vyuo vya Ujerumani, ombi la kwanza hulipiwa euro 75 na kila linalofuata katika muhula huohuo euro 30. Ukipata ufadhili kamili kama wa DAAD, barua ya mfadhili ndiyo utakayoipeleka ubalozini kuwa uthibitisho wa kujikimu, na hutahitaji Sperrkonto. Ila anza na barua za mapendekezo sasa hivi: moja kwa mhadhiri wako wa zamani, nyingine kwa mkuu wako wa kazi, na uwape muda wa kutosha, maana hizo ndizo huchelewesha maombi ya watu wengi.